Kinachoonekana ndani ya miwani ya uhalisia pepe: kipo au hakipo?

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Salamu kwenu wote. Hapa Katindo kuna chumba cha michezo ambamo kijana mmoja hukodisha miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mvaaji ulimwengu uliochorwa na kompyuta, kwa dakika chache. Jumamosi nilimkuta humo mteja, mtu mzima mwenye ndevu, amesimama katikati ya sakafu ya saruji huku magoti yakimtetemeka, kwa sababu ndani ya miwani alikuwa ukingoni mwa genge, mteremko wa wima wenye kina kirefu. Wenzake walimwambia apige hatua kwani hapakuwa na kitu, naye alijua fika kwamba hapakuwa na kitu, lakini mguu ulikataa kuinuka.

Naileta hoja yangu ili ipingwe: hofu ilikuwa ya kweli, genge halikuwa la kweli. Wapo wasomi wanaodai kwamba vitu vya ndani ya miwani ni halisi kama hivi tunavyovikanyaga, na mimi naona kwamba wanachanganya athari ya kitu na kuwapo kwa kitu. Genge lisiloweza kumvunja mtu mguu si genge. Mnasemaje?

Fizikia_Nyawera (Bukavu)
Kabla hatujagawanyika, tukubaliane kwanza juu ya kinachotokea. Kila jicho hupewa picha yake, iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo ukiziunganisha hupata kina. Vihisi hupima namna kichwa kinavyogeuka, na kompyuta huchora mandhari upya mara 72, 90 au zaidi kwa sekunde. Picha ikichelewa kukifuata kichwa kwa zaidi ya milisekunde 20 hivi, mtu huanza kuona dunia inayumba. Kichefuchefu kinachowapata wengi hutokana na ugomvi wa milango miwili ya fahamu: macho yanasema tunakwenda, huku sikio la ndani, linalopima mwendo wa mwili, likisema tumesimama. Mtambo wa namna hii si wa jana, kwani Ivan Sutherland aliuunda wake nchini Marekani mwaka 1968, na ulikuwa mzito kiasi cha kuning'inizwa darini.

Kwa hiyo mwanga ni halisi, umeme ni halisi, na hesabu zinazofanywa ni halisi. Mwana wa Himbi atuambie genge analolikana ni lipi kati ya hivyo.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Asante, Mwalimu, kwa maelezo ya mtambo. Swali lenyewe ni la kale kuliko mtambo huo. Mwanafalsafa Descartes wa Ufaransa alijiuliza mwaka 1641 kama pepo mwerevu hamdanganyi katika kila anachokiona, na Plato, karne nyingi kabla yake, aliwaweka watu pangoni wakitazama vivuli ukutani. Wote wawili waliuhesabu ulimwengu wa namna hiyo kuwa udanganyifu. David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, ameugeuza msimamo huo, na nadhani ndiye anayelengwa na mleta uzi. Anasema kwamba kitu pepe ni muundo wa data uliomo ndani ya kompyuta, una nguvu ya kusababisha mambo, watu wengi wanaweza kukikuta mahali pamoja, nacho hakitegemei mtu mmoja kukiota. Kwa hiyo ni kitu halisi, ila ni kitu cha kidijiti.

Ni haki tumpe nafasi pia mwanafalsafa Robert Nozick wa Marekani, ambaye mwaka 1974 alitutaka tufikirie mashine inayoweza kumpa mtu maisha yoyote anayoyatamani, huku mwili wake ukielea ndani ya tangi. Aliona kwamba wengi wetu tungekataa kuingia, kwa sababu tunataka kutenda mambo na si kuhisi tu kwamba tunayatenda, na tunataka kuwa watu wa namna fulani. Nami nikiulizwa, singeingia.

Dereva_wa_Dampa (Kolwezi)
Sina falsafa, nina kazi. Sisi tunaoendesha madampa, yaani malori makubwa ya mgodini, kabla ya kuruhusiwa kupanda ngazi ya gari lenyewe, huwekwa kwanza ndani ya kontena lenye kiti kinachotikisika, usukani, pedali, na skrini zinazokuzunguka mbele na pembeni. Mkufunzi anabonyeza kitufe nyuma yako, na breki zinakufa ukiwa katikati ya mteremko na mzigo mgongoni. Kila mwanafunzi hulipindua gari hilo angalau mara moja, na sijamwona aliyetoka mle ndani akiwa na shati kavu.

Msimu wa mvua uliofuata, katika barabara ya mgodini yenye tope, gari langu la kweli lilianza kuteleza, na mkono ukaenda wenyewe kwenye wenzo wa kupunguza mwendo kabla sijafikiri neno. Mkono huo ulifundishwa wapi? Kama mteremko wa kwenye kontena haukuwapo, basi nilijifunza kutoka kwa kisichokuwapo, na hilo silielewi.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Papa Dereva, umeniunga mkono bila kutaka. Kiti kilikuwapo, usukani ulikuwapo, mkono wako ulikuwapo na mazoezi yalifanyika kweli. Gari lililopinduka halikuhitaji kreni ya kulinyanyua, na hakuna aliyeandika ripoti ya ajali. Mtu anaweza kujifunza mengi kutokana na hadithi ya sungura na fisi, na sungura huyo asiwe amewahi kuishi.

Kambisti_Birere (Goma)
Hamjambo. Mimi ni mama ninayebadilisha fedha, na ninashangaa kuona mnakwenda mbali wakati jambo hilo liko mifukoni mwenu. Tangu benki zifungwe hapa Goma mwezi wa Januari 2025, sehemu kubwa ya fedha za mji huu imekuwa namba ndani ya simu. Mtu huniletea noti ya dola 100 yenye mpasuko usiozidi urefu wa ukucha, nami naikataa, kwa sababu nikiipokea nitakataliwa nayo pia. Karatasi ameishika mkononi, ina sura na saini na namba zake, lakini haimnunulii hata unga wa muhogo. Wakati huohuo namba iliyo katika simu yake, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa, inamlipia kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Sasa niambieni, kati ya hizo mbili, fedha halisi ni ipi? Mleta uzi asiseme ni ile inayoshikika.

Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Mama amemaliza mjadala mapema. Niongeze kwamba kule Ubelgiji mahakama ilimfunga kijana kwa kuiba upanga wa ndani ya mchezo wa kompyuta. Mahakama haifungi mtu kwa kuiba hewa.

Fizikia_Nyawera (Bukavu)
Ndugu, hongera kwa kutuandikia kutoka Nairobi.

Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Mwalimu, ni komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi! Kila mara mnanihamisha bila pasipoti.

Sheria_Kamalondo (Lubumbashi)
Kesi hiyo ni ya Uholanzi, si ya Ubelgiji, na vilivyoibwa vilikuwa hirizi na barakoa, si upanga. Mwaka 2007 vijana wawili walimpiga na kumtisha kwa kisu mtoto wa miaka 13 hadi akaingia katika mchezo mbele yao na kuviachilia vitu hivyo, na wao wakavichukua kwa akaunti yao. Utetezi ulidai kwamba vitu hivyo havipo, kwa hiyo haviwezi kuibwa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliukataa utetezi huo mwezi wa Januari 2012: mtoto aliwekeza muda na juhudi katika kuvipata, vilikuwa na thamani kwake na kwa wale wezi pia, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya vitu hivyo hadi alipopokonywa. Adhabu haikuwa kifungo, ilikuwa saa za kazi za kijamii.

Naomba tuelewe mipaka ya hukumu hiyo. Jaji hakuulizwa kama hirizi hiyo ni hirizi. Aliulizwa kama ni mali. Nchini kwetu Kongo tunayo Kanuni ya Kidijiti, yaani sheria ya mambo ya kidijiti, ya Machi 2023, lakini swali la falsafa halitamalizwa na sheria ya nchi yoyote.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Mwanasheria amegusa penyewe, na hapo ndipo ninapomjibu Mama Kambisti kwa heshima. Fedha ni jambo la makubaliano. Mwanafalsafa John Searle wa Marekani aliyatenga mambo yanayosimama kwa sababu watu wamekubaliana, kama fedha, ndoa na cheo, na yale yanayosimama watu wakubali wasikubali, kama mlima. Jambo la makubaliano halijali limebebwa na nini: ganda la kauri, karatasi au namba ya simu. Ndiyo maana fedha pepe ni fedha kamili, na kikokotoo cha ndani ya simu ni kikokotoo kamili. Chalmers mwenyewe anakiri kwamba si kila kitu kinavuka namna hiyo, kwa maana gari pepe si gari, na paka pepe si paka. Kwa hiyo mfano wa fedha hauliokoi genge la Katindo.

Kambisti_Birere (Goma)
Nimekuelewa, Mzee, ila huo mstari wako unasogea. Nilipokuwa msichana, mtu asingeniaminisha kwamba fedha itavuka. Kesho nani atabaki upande huu?

Fiziyo_Goma (Goma)
Naandika kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Katika mji wetu kuna watu wengi waliokatwa mguu au mkono kwa sababu ya vita, na wengi wao huumwa na kiungo ambacho hakipo tena. Ninamkumbuka mwanamke mmoja aliyelalamika kwamba vidole vya mguu wa kushoto vimekunjamana na kumchoma usiku kucha, na mguu huo ulikatwa chini kidogo ya goti. Tunaweka kioo kirefu kati ya miguu, uso wa kioo ukielekea mguu mzima, naye anatazama ndani yake huku akikunja na kukunjua vidole polepole. Anaona miguu miwili ikisogea pamoja. Alipofanya hivyo kwa majuma kadhaa, akaniambia kwamba vidole vimeanza kulegea. Njia hiyo ilianzishwa na mtaalamu wa ubongo Ramachandran nchini Marekani katika miaka ya 1990, na haimfai kila mgonjwa.

Kule Seattle, Hunter Hoffman na wenzake waliunda ulimwengu wa theluji na barafu ambao mtu aliyeungua huingia wakati wa kusafishwa vidonda, na maumivu anayoyaeleza hupungua sana. Sasa, Mwana wa Himbi, mguu uliomo kwenye kioo haupo, vidole vinavyouma havipo, na nafuu ipo. Mimi siwezi kumwambia mgonjwa kwamba viwili kati ya hivyo vitatu ni upuuzi.

Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Kumbe miwani inaponya walioungua! Hiyo ingefaa kila hospitali.

Fiziyo_Goma (Goma)
Haiponyi, kaka. Kidonda kinabaki vilevile. Hupunguza maumivu wakati mgonjwa amezama humo, kwa sababu umakini wake umechukuliwa na jambo lingine.

Fizikia_Nyawera (Bukavu)
Kioo cha Dada Fiziyo kinanirudisha kwa hoja moja ya Chalmers ambayo naiona ni ya nguvu. Dereva wa taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, hapa Nyawera akitazama kioo cha pembeni, hadhani kwamba kuna lori mbele yake. Mwanga unamfikia kutoka mbele, lakini yeye amezoea, na analiona lori likiwa nyuma, mahali lilipo. Hajadanganywa. Mtu ambaye hajawahi kuona kioo ndiye angedanganyika. Vivyo hivyo, mteja wa Katindo ni mgeni wa miwani. Aliyezoea haoni genge la mawe, anaona genge pepe, na analiona sawasawa. Kwa hiyo neno la udanganyifu haliwahusu wote.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Mwalimu, lori la nyuma ya taksi-moto lipo. Nyuma ya genge la Katindo pana ukuta wa chumba.

Sista_Bagira (Bukavu)
Amani kwenu. Tumekwenda Ufaransa, Marekani na Australia, na hatujabisha hodi kwa majirani. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956, aliigawa dhana ya kuwapo katika mafungu manne kwa kufuata Kinyarwanda: umuntu, mwenye akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati; na ukuntu, namna ya kuwa. Ninyi mnagombana kama genge pepe ni ikintu au si kitu kabisa. Mbona hamjafikiria kwamba ni ukuntu? Kompyuta ni ikintu, nayo wakati huo iko kwa namna fulani, kama vile mtu anavyokuwa na hasira au mbio. Mbio si kitu kinachoweza kuokotwa njiani baada ya mkimbiaji kupita, lakini hakuna atakayesema kwamba hazikuwapo.

Mtafiti_Kadutu (Bukavu)
Sista, hilo ni zuri, na mimi niende mbali zaidi. Padri Placide Tempels, aliyekuwa mmisionari huku Katanga, alichapisha mwaka 1945 pale Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu. Kinachotenda kipo. Kwa kipimo hicho genge lililomfunga mtu mguu lipo, na babu zetu wangeshangaa kwamba tunabishana.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Kijana wangu, taratibu na hao babu zetu. Tempels alikuwa Mbelgiji aliyeishi hasa kati ya Waluba, na aliwasemea Wabantu wote kutoka hapo. Wanafalsafa Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni na Paulin Hountondji wa Benin walimkosoa vikali kwa sababu hiyo: falsafa ina watu wanaoisema na kuitetea kwa majina yao, haiwi ya kabila zima lililonyamaza. Kama unaamini kwamba kutenda ndiko kuwapo, itetee wewe mwenyewe.

Mtafiti_Kadutu (Bukavu)
Basi naitetea mwenyewe. Mnipe kitu kimoja kinachotenda na hakipo.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Uvumi. Uvumi kwamba maji yametiwa sumu huhamisha mtaa mzima, na sumu haipo.

Mtafiti_Kadutu (Bukavu)
Uvumi upo. Sumu haikutenda, uvumi ndio uliotenda.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Sawa kabisa! Na genge halikutenda, picha ndiyo iliyotenda. Umefika nilipokuwa nimekaa.

Dereva_wa_Dampa (Kolwezi)
Mnaposema "picha tu" mnaniudhi kidogo. Betri ya miwani hiyo kwa kawaida ina kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, nyingi yake huku Kolwezi na Fungurume. Ndani ya mitambo hiyo kuna madini ya tantali, na watu wa Goma wanajua Rubaya yanakochimbwa iko wapi na watu wanakufa vipi mle mashimoni udongo unapoporomoka. Hakuna ulimwengu pepe unaosimama bila mlima kufukuliwa mahali fulani. Wanaouita mwepesi hawajaupakia kwenye lori.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Ni kweli tupu, Papa, na inafaa isemwe kila mara. Lakini inathibitisha uhalisia wa mtambo, haithibitishi uhalisia wa genge. Wino wa riwaya ni halisi na mti uliotengenezewa karatasi ulikatwa kweli, na shujaa wa riwaya hajazaliwa.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Nirudi kwangu Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ulipofunguka, lava ilishuka hadi Buhene na kuzika nyumba za watu. Hapakuwa na miwani ya kuvua. Nadhani hicho ndicho kipimo changu: kitu halisi hakikupi ruhusa ya kutoka.

Fizikia_Nyawera (Bukavu)
Kumbuka pia tarehe 27 Mei ya mwaka huohuo. Mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama, na wengi walikuja kwetu Bukavu kwa boti. Hawakukimbia lava waliyoiona. Walikimbia kwa sababu vipimo vya tetemeko vilionyesha magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, inayosogea chini ya mji na ziwa. Maelfu kwa maelfu ya watu waliacha nyumba zao kwa ajili ya mistari kwenye skrini, na mlipuko wa pili haukutokea. Hapo utasema walikimbia nini?

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Walikimbia magma, iliyokuwapo kweli chini ya ardhi. Mistari ile ilikuwa shahidi wa kitu kilichoko nje yake. Skrini ya Katindo haina inachokishuhudia. Hiyo ndiyo tofauti yangu yote, na sijaona bado aliyeivunja.

Mtafiti_Kadutu (Bukavu)
Mwanafalsafa Nick Bostrom aliandika mwaka 2003 hoja inayosema kwamba, kama zitakuwapo jamii zenye kompyuta kubwa za kutosha na hamu ya kuigiza viumbe wenye fahamu, basi yawezekana sisi wenyewe tumo ndani ya uigizaji. Nyiragongo ungekuwa data, na nyumba za Buhene zingekuwa zimezikwa vilevile. Kipimo chako cha kutoweza kutoka kingeuita halisi.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Ningeuita halisi, ndiyo. Mradi hakuna anayeweza kunivua miwani.

Sista_Bagira (Bukavu)
Nina jambo linalonisumbua zaidi ya yote haya. Mwaka 1993, katika jamii moja ya mtandaoni iliyoundwa kwa maandishi matupu, mshiriki mmoja aliwalazimisha wahusika wa wenzake kutendewa unyama wa kingono mbele ya wengine. Hakuna mwili ulioguswa. Mmoja wa waliotendewa alilia alipokuwa akiandika malalamiko yake. Sisi wa Kivu hatuwezi kulipima jambo hilo kwa wepesi, wala hatuwezi kulilinganisha na yaliyowapata wanawake wetu vitani. Lakini je, lilikuwa kosa au halikuwa kosa?

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Lilikuwa kosa, Sista, na lilitendwa dhidi ya watu. Kwa lugha yako ya Kagame, aliyeumizwa ni umuntu. Sihitaji ikintu chochote pepe ili kulihukumu.

Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Mimi naona unakihitaji. Nina kundi la mchezo ambao tunajenga mji pamoja, na mmoja wetu yuko Bukavu, sijawahi kumwona kwa macho. Mama yake alipofariki, tulichanga fedha za matanga kwa simu, na tulikaa usiku ndani ya nyumba tuliyoijenga humo, tukimsikiliza. Baadaye mgeni mmoja aliingia akaibomoa nyumba hiyo wakati sisi sote tumelala. Hakumtukana mtu, hakutujua, na hakuna aliyekuwapo wa kuogopeshwa. Yule wa Bukavu aliposikia, alinyamaza siku nzima. Ukisema tumekosewa, Mwana wa Himbi, nionyeshe alichokibomoa.

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Alibomoa kazi yenu na kumbukumbu yenu.

Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Kumbukumbu ninayo bado, nimekusimulia sasa hivi. Na kazi tuliifanya, hakuna anayeweza kuifuta kwamba tuliifanya. Nyumba ndiyo isiyokuwapo.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)
Mwana wa Himbi, hilo lijibu wewe. Mimi sina jibu lake usiku huu.